Mtoto wa Surua Hakurogwa



Mtoto anapofariki dunia katika vijiji vyetu, swali linalotangulia mara nyingi ni hili: "Nani amemroga?" Ni mara chache tunauliza: "Alipelekwa hospitali siku ya ngapi?" Sisi wa Haki na Amani tunasema wazi: swali la kwanza huzaa dhambi, la pili lingeokoa maisha.

Mwishoni mwa mwaka 2022 surua iliua watoto katika Halmashauri ya Mpimbwe, mkoani Katavi, eneo ambalo hadi mwaka 2012 lilikuwa pamoja nasi katika Mkoa wa Rukwa. Surua si mkosi, wala si kijicho cha jirani. Huletwa na kirusi, kitu kidogo mno kisichoonekana kwa macho, kisichoweza kuongezeka mpaka kiingie ndani ya chembe hai za mwili. Husafiri hewani mgonjwa akikohoa au kupiga chafya, na huweza kubaki katika hewa ya chumba kwa muda wa saa 2 baada ya mgonjwa kutoka. Ndiyo maana watoto wa nyumba moja huugua kwa kufuatana. Mchawi hana kazi hapo.

Hata hivyo, bibi kizee wa jirani hunyoshewa kidole. Hivyo msiba mmoja huwa miwili: mtoto amekufa kwa ugonjwa ambao chanjo ingeuzuia, na mzee asiye na hatia anaishi kwa hofu. Anayemtaja mchawi kando ya jeneza la mtoto anamshuhudia jirani uongo. Hilo si jambo la mila. Ni uvunjaji wa amri ya Mungu.

Kosa la pili tunalifanya dukani. Mtoto akipata mafua wakati wa baridi yetu ya Juni na Julai, tunauza debe la mahindi tukanunue vidonge vya rangi mbili. Dawa za namna hiyo huua bakteria, haziui virusi. Mafua ya kawaida hupona yenyewe kwa kupumzika, kunywa maji ya kutosha na uji wa ulezi. Lakini virusi vikiisha kuudhoofisha mwili, bakteria huweza kuingia na kuleta nimonia, na hapo dawa hizo huhitajika kweli. Tena homa inaweza kuwa malaria, ambayo haijulikani bila kupima damu. Kutofautisha hayo ni kazi ya mganga wa zahanati, si ya muuza duka wala ya mjumbe wa nyumba kumi.

Wazazi wasikilize. Mtoto wa chini ya miaka 5 mwenye homa apelekwe zahanati siku hiyo hiyo au kesho yake. Mchanga wa chini ya miezi 2 asingojeshwe hata saa moja. Msikawie, hata usiku, mkiona dalili hizi: anapumua haraka au kifua kinabonyea ndani, hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amelegea na haamki vema, ana degedege. Mwenye surua akipata vidonda vingi mdomoni au ukungu machoni, yuko hatarini. Macho yake yasitiwe maji ya majani, maana yanaweza kumpofusha. Hospitalini atapewa vitamini A, ambayo hulinda macho na uhai wake. Mama naye asingoje ruhusa ya baba aliyeko shambani bondeni Rukwa. Uhai wa mtoto hauombewi kibali.

Lakini tusiwalaumu wazazi peke yao. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliahidi kwamba watoto wa chini ya miaka 5 watatibiwa bure katika vituo vya serikali. Mama aliyetembea saa tatu na mtoto mgongoni, akaambiwa dawa zimekwisha aende akanunue, amenyang'anywa haki yake. Safari ijayo atabaki nyumbani, nasi tutamwita mjinga! Wenye mamlaka wajue kwamba rafu tupu la dawa humrudisha mgonjwa kwa mpiga ramli.

Wapo wanaodhani kwenda kwa daktari ni kupungukiwa imani. Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani, alifika Karema mwaka 1889 akiwa katekista na daktari pia, akawatibu watu wa nchi hii hadi alipofariki mwaka 1956. Mkono uliofundisha sala ndio uliofunga vidonda. Msamaria Mwema naye hakumwacha majeruhi njiani akamwombea tu, alimbeba, akamlipia.

Basi kila Jumuiya Ndogo Ndogo iwe na mfuko wa nauli ya wagonjwa. Viongozi na WAWATA wakague kadi za watoto: chanjo ya surua hutolewa bure, mara ya kwanza miezi 9, ya pili miezi 18.

Maswali ya kujadili katika jumuiya:
1. Mtoto wa mwisho kufariki kwetu alifikishwa hospitali siku ya ngapi? Nini kilimchelewesha?
2. Ni nani kati yetu anayeishi kwa hofu ya kuitwa mchawi? Tumemtetea?
3. Dawa zikikosekana zahanati, nani atakwenda kuuliza kwa niaba yetu, na lini?