Kumsingizia Jirani Mbele ya Sheria

Muhima imeteremka kutoka katikati ya mji wa Kigali kuelekea bonde la Nyabugogo, na mahali nyumba zilipobanana kikohozi cha mpangaji mmoja husikika kwa wapangaji watatu. Mahali pa namna hiyo ugomvi haukosi. Maji machafu yamemwagwa mlangoni, kodi imechelewa, watoto wamepigana, mtumishi wa nyumbani ameondoka bila kuaga na kitenge cha mama hakionekani. Mengi ya hayo humalizika jioni ile ile. Lakini hutokea mtu mwenye hasira akaona kwamba njia fupi ya kumkomoa mwenziwe ni kwenda kwa mkuu wa mudugudu au kituo cha polisi, akaeleza jambo ambalo anajua fika kwamba halikutendeka.

Hapo ugomvi wa uani huweza kugeuka kuwa kosa la jinai, na wengi hawafahamu. Hudhani kwamba mtoa habari hana lawama, kwani kazi ya kupeleleza ni ya Serikali. Sivyo. Tofauti iko katika kujua. Mama aliyemwona kijana akitoka na redio usiku akadhani ni mwizi, kumbe ni mpwa wa mwenye nyumba, hakutenda kosa. Alikosea tu, na afadhali akosee kuliko anyamaze. Bali yule anayejua kwamba kitenge kiko kwa dada yake, naye akaenda kumtaja mtumishi ili asimlipe mshahara wa miezi miwili, huyo ndiye anayetafutwa na sheria.

Rwanda imelionja jambo hili kwa uchungu. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, magereza yalijaa watu zaidi ya 100,000. Wengi walikuwa wauaji kweli. Hata hivyo walikuwamo waliokamatwa kwa kunyooshewa kidole tu, wakakaa miaka bila jalada lenye ushahidi. Mahakama za kawaida zisingeweza kuzimaliza kesi zile. Ndipo zikaanzishwa mahakama za Gacaca, jina linalotokana na majani mafupi ambapo wazee wa zamani waliketi kusuluhisha watu. Zilizinduliwa Juni 18, 2002, zikafungwa rasmi Juni 18, 2012, zikiwa zimekwisha kusikiliza kesi karibu milioni mbili.

Hakimu wa Gacaca aliitwa inyangamugayo, yaani mtu mwadilifu aliyechaguliwa na wenzake. Hakuwa na mshahara, na aghalabu hakusomea sheria. Hakuwa na maabara wala wapelelezi. Alichokuwa nacho ni maneno ya majirani, waliokusanyika wakasema nani alikuwa wapi na nani alimfanya nani nini. Habari za mwanzo zilikusanywa katika ngazi ya nyumbakumi, majirani wa mlango kwa mlango. Basi kesi nzima ilisimama juu ya ulimi wa mtu.

Waliotunga sheria walilitambua hilo. Sheria Namba 16/2004 ya Juni 19, 2004, katika kifungu cha 29, iliweka adhabu ya kifungo cha miezi 3 mpaka 6 kwa mtu ye yote aliyemsingizia mwenzake, na miezi 6 mpaka mwaka 1 akirudia. Kifungu hicho hicho kilimpa adhabu ile ile aliyekataa kusema alichokiona. Mwongo na mnyamavu walipimwa kwa mizani moja, na ni haki, kwa sababu wote wawili wanaificha kweli.

Lakini uzito wa mizani yenyewe una neno. Chini ya sheria ile, aliyepatikana na hatia ya kuua naye hakukiri aliweza kufungwa miaka 25 mpaka 30. Aliyemsingizia alikabiliwa na miezi sita. Katika miaka hiyo mkewe alibeba chakula mpaka mlango wa gereza, na watoto wake walijulikana mtaani kuwa watoto wa muuaji. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya mwaka 2011 juu ya Gacaca, lilieleza kwamba baadhi ya mashtaka yalitokana na visa vya watu binafsi. Waliodhurika si wale tu waliosingiziwa. Manusura aliyesimama na kusema kweli juu ya watoto wake waliouawa alitiliwa shaka kwa sababu ya mwongo aliyesimama kabla yake, na wanaokana kwamba mauaji yalitokea wakapata la kusema.

Nchi nyingine zimepanga adhabu zao kwa namna zao. Kenya, katika kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, inampa kifungo cha hadi miaka 3 anayempa mtumishi wa umma habari anayojua ni ya uongo ili amdhuru mtu. Ufaransa ni miaka 5 na faini ya euro 45,000. Zamani sana, katika sheria za Hammurabi wa Babeli, aliyemshtaki mwenzake kwa kuua akashindwa kuthibitisha aliuawa yeye. Huko ni kupita kiasi, maana hata msema kweli angeogopa kufungua kinywa.

Rwanda ya leo inafuata Sheria Namba 68/2018 ya Agosti 30, 2018, ambayo inaadhibu pia ushahidi wa uongo. Kwa ugomvi mdogo wa kiambaza, mpaka au deni kuna abunzi, wapatanishi wa seli na sekta waliotajwa katika Katiba ya mwaka 2003, na hakuna haja ya kuuvika ugomvi huo vazi la wizi ili usikilizwe. Anayekwenda kutoa taarifa ya kosa la kweli naye hana la kuogopa. Atenganishe aliyoyaona kwa macho na aliyoyasikia kisimani, aseme “sijui” pale asipojua, na kabla ya kutia sahihi aombe asomewe maelezo yake, kwani sahihi ile ni yake, si ya karani.