Kizungu cha Sebuleni Hakikumsaidia Kukhu

Wacha niandike hii kabla hasira ipoe.

Mwezi uliopita kukhu wangu alianguka jikoni. Alikuwa amebaki na mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 7. Akiwa pale chini, mguu umekataa, akamwambia kijana akimbie kwa jirani, nyuma ya migomba, amwite yule mama aje. Maneno machache tu. Kijana akaenda, akarudi na kikombe cha maji. Kukhu akarudia. Kijana akaleta blanketi. Mara ya tatu akaanza kulia, akakaa mlangoni, na wakangoja hivyo wote wawili mpaka dada aliporudi kutoka sokoni. Zaidi ya saa nzima. Nyonga imevunjika.

Kabla mtu aniulize: ndiyo, kukhu anajua Kiswahili. Kiswahili chake ni cha kuuza ndizi. Bei, chenji, karibu mteja. Lakini mtu akivunjika mfupa hatafuti maneno ya sokoni, anaongea ile lugha iliyo karibu na mdomo, na kwa kukhu hiyo ni Lwisukha. Ndiyo hiyo tumeifungia nje kama mbwa mwenye viroboto.

Mtoto hana makosa. Dada yangu ni Mwisukha, shemeji ni Mwisukha, hakuna aliyetoka mbali. Wanagombana kwa Lwisukha, wanaombea chakula kwa Kiswahili, halafu wanamlea mtoto kwa Kizungu. Na si wao peke yao. Pita jioni kwenye zile nyumba za kukodi hapa Shinyalu, usikilize kupitia dirishani. Kuja hapa, keti chini, maliza chakula, wacha hiyo, yote kwa Kizungu. Tusidanganyane, hicho Kizungu chetu cha nyumbani ni cha amri tu. Hakuna mzazi namjua mimi hapa anayeweza kumsimulia mtoto hadithi ya fisi nacho, au kumchekesha, au kumweleza kwa nini wajomba hawaongei. Kwa hivyo mtoto anapewa amri, na zikiisha anapewa simu.

Nikisema hivi naambiwa mtoto atachanganyikiwa. Na nani? Kina mama wanaouza vyungu pale Ilesi, kando ya barabara ya Kakamega kwenda Kisumu, wanakuuzia kwa lugha yoyote unayoshuka nayo kwenye gari. Hakuna aliyechanganyikiwa, na hesabu ya chenji hawakosei.

Ama naambiwa Kizungu ndicho kazi. Haya. Mimi ninacho. Nilikipita vizuri sana, nikaingia chuo kikuu, na karo ilipokosekana mwaka wa pili nilirudi nyumbani nacho chote, hakuna hata neno lililobaki kule. Sisemi mtoto asijifunze Kizungu. Ajifunze, tena kizuri. Lakini shule inakaa naye mchana kutwa ikimfundisha hicho. Nyumbani mna yale masaa mawili ya jioni peke yake, na hayo pia mmeyafanya masomo ya ziada.

Kuna nyumba ambazo sina neno nazo. Baba wa hapa, mama Mluo ama Mnandi, wamekutana kwenye Kiswahili na wanajenga boma lao hapo. Sawa kabisa, hata mimi si naandika Kiswahili saa hii? Ugomvi wangu ni na Waisukha wawili chini ya paa moja wanaojifanya watalii.

Tunapenda kulaumu serikali, na kwa hili karatasi zake ziko sawa kutuliko. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilishasema watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema dola itakuza na kulinda lugha za wenyeji. Mtaala wa CBC ulioanza 2017 umeziwekea lugha hizo nafasi gredi ya kwanza hadi ya tatu. Shuleni kwenyewe ni hadithi nyingine. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika mwaka 1986 jinsi watoto wa enzi zake walivyoadhibiwa kwa kuongea Kikuyu na kuvishwa kibao shingoni. Mimi nimezaliwa miaka ya 2000 na shule niliyosoma kibao kilikuwepo. Nilikivaa Ijumaa nzima kwa sababu nilimwambia rafiki yangu kwamba nyuki yuko kwenye shati lake.

Na msiniambie "ataskia Kiluhya kwenye redio." Kiluhya gani? Mbukusu na Mlogooli na Mwisukha wote wanaitwa Waluhya, lakini mtoto asiyejua chochote hawezi kuokota Lwisukha kutoka kwa mtangazaji anayeongea Lubukusu. Miaka ya 1940 kulikuwa na kamati ya kutafuta Kiluhya kimoja cha kuandikwa. Wamaragoli walishikilia chao na wakapata Biblia nzima kwa Lulogooli mwaka 1951. Walijua kitu wale.

Sisi tuna isukuti. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma yetu ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Kwa dharura! Tukasherehekea kama tumeshinda kombe. Siku hizi inapigwa kwa kila mwanasiasa anayeshuka Khayega, vijana tunarusha mabega, tunarekodi, na muulize anayerekodi wimbo unasema nini.

Muulize hata mimi. Nitakiri sasa, kwa sababu mtanikumbusha kwenye komenti. Video yangu iliyotazamwa kuliko zote ni ile niliyovaa leso na kuigiza mama Mluhya akitamka Kizungu vibaya. Ile sauti niliiga kwa kukhu. Alikuwa ameketi hapo karibu, akacheka kwa sababu sisi tulicheka. Hakujua ni yeye. Pesa ya video hiyo ilininunulia simu ninayoandikia haya. Nimeifuta jana. Pesa nimekula.

Kukhu amerudi nyumbani, bado hatembei. Jumapili naenda kukaa naye na simu, aseme chochote anachotaka, kwa lugha yake, bila leso na bila kuigizwa. Nimemwomba dada nimchukue kijana tuende wote. Amesema nimpeleke wiki ingine, ana mtihani wa Kizungu Jumatatu.