Uwakala wa safari kwa masomo ya intaneti: Nani anavuna?

Ada ya kozi moja ya uwakala wa safari inayosomwa kwa njia ya intaneti inaweza kumeza mauzo ya kahawa ya msimu mzima ya kaya ndogo mkoani Kilimanjaro. Pamoja na hayo wazazi wanalipa, na vijana waliomaliza kidato cha nne na cha sita wanaendelea kujiandikisha. Wanachokiona ni magari ya watalii yanayopita barabarani kila asubuhi kuelekea milimani na mbugani, na wanachokisikia ni takwimu za serikali zinazotangazwa kila mwaka.

Takwimu zenyewe zinavutia kweli. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230. Janga la Uviko-19 likaishusha idadi hiyo hadi 620,867 mwaka 2020, lakini mwaka 2023 walifika 1,808,205 na mwaka 2024 walivuka milioni mbili. Kwa mzazi ambaye bei ya kahawa imemchezesha kwa miaka mingi, hesabu inaonekana nyepesi: watalii wanaongezeka, basi mawakala wa safari watahitajika zaidi.

Hesabu hiyo ina kasoro kubwa ambayo matangazo ya kozi hayaisemi. Wakala wa safari si mtembeza watalii. Mtalii anayeshuka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ameshakata tiketi yake huko kwao Ujerumani au Marekani, mara nyingi kwa simu yake mwenyewe, na safari yake ya mbugani imepangwa na kampuni ya utalii ya Arusha au mshirika wake wa nje. Wakala wa safari wa Moshi, Mwanza au Kariakoo humuuzia tiketi mtu anayetoka, si anayeingia. Wateja wake ni mfanyabiashara anayefuata mzigo Guangzhou au Dubai, mgonjwa anayepelekwa India, mwanafunzi, hujaji, na mtumishi wa shirika anayekwenda semina Nairobi. Kwa hiyo soko lake halipimwi kwa idadi ya watalii. Linapimwa kwa idadi ya Watanzania wenye pasipoti na fedha za nauli, na idadi hiyo haikui kwa kasi ile ile.

Kijana akishaelewa tofauti hiyo, ndipo inafaa kutazama anachofundishwa. Kozi inayofahamika zaidi duniani ni ile ya msingi ya usafiri na utalii inayotolewa na IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege kilichoanzishwa Havana mwaka 1945. Mwanafunzi hujisomea mwenyewe, kisha hufanya mtihani. Humo hujifunza jiografia ya safari, alama za viwanja (DAR, JRO, ZNZ, NBO), namna nauli zinavyojengwa, masharti ya viza na chanjo, na matumizi ya mifumo mikubwa ya kuhifadhi nafasi kama Amadeus, Sabre na Galileo. Sabre ndiyo kongwe, kwani ilitokana na ushirikiano wa American Airlines na IBM na ilianza kazi mwaka 1960.

Haya si mambo ya kudharau. Jina lililokosewa herufi moja kwenye tiketi linaweza kumzuia abiria kaunta. Pasipoti iliyobakiza chini ya miezi sita hukataliwa na nchi nyingi. Abiria aliyepewa dakika 45 za kubadili ndege kwenye uwanja mkubwa ana hatari ya kulala kwenye benchi. Wakala anayejua kusoma masharti ya nauli anaweza kumwambia mfanyabiashara mapema kwamba tiketi ile ya bei poa hairudishiwi fedha wala haibadilishwi tarehe. Ujuzi wa namna hii ndio mteja anaolipia, na unasomeka vizuri tu kwa intaneti.

Kusomea mbali nako si jambo geni hapa. Elimu kwa njia ya posta ilikuwepo tangu miaka ya 1970, na Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria mwaka 1992. Kilichobadilika ni njia. Mkongo wa Seacom ulipoanza kazi Dar es Salaam Julai 2009, na ule wa EASSy mwaka uliofuata, ilianza kuwezekana kwa mtu wa Himo au Njombe kusoma somo lile lile na mtu wa Geneva bila kungoja bahasha.

Tatizo linaanza pale cheti kinapotafuta kazi. Kwa miaka mingi wakala aliishi kwa kamisheni. Alikata tiketi, shirika la ndege likamwachia asilimia fulani ya nauli, na mteja hakutozwa kitu cha ziada. Februari 1995 shirika la Delta la Marekani liliweka ukomo wa kamisheni ya dola 50 kwa tiketi ya ndani ya kwenda na kurudi, na mengine yakafuata. Machi 2002 Delta ikafuta kabisa kamisheni ya kawaida kwa mawakala wa nchi hiyo, na wenzake wakafanya vivyo hivyo. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1996, zilizaliwa Expedia na kampuni ambayo leo inaitwa Booking.com. Juni 2008 IATA ikaachana na tiketi za karatasi, na wakala aliyekuwa na kitabu cha tiketi mezani akabaki na kompyuta ambayo mteja naye anayo.

Mawakala hawakufa wote, lakini waliobaki walibadili chanzo cha mapato. Sasa wanamtoza mteja gharama ya huduma, au wanauza vifurushi vya hoteli na safari ambavyo bado vina faida ndani yake. Ukubwa peke yake haukuwa kinga. Thomas Cook ya Uingereza, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1841, ilifilisika Septemba 2019 na kuacha wateja wapatao 600,000 wakiwa ugenini.

Katika mazingira hayo ya kamisheni kuyeyuka ndipo biashara ya kuuza mafunzo iliponoga, na mfano wa Marekani unastahili kusomwa taratibu na kila mzazi. Kampuni iliyoitwa YTB iliwatoza watu karibu dola 450 kujiunga na karibu dola 50 kila mwezi ili wawe na tovuti ya kuuzia safari na waitwe mawakala. Agosti 2008 Mwanasheria Mkuu wa California, Jerry Brown, aliishtaki akidai kuwa ni mpango wa piramidi, yaani fedha zilitoka zaidi kwa kusajili wanachama wapya kuliko kuuza safari. Kwa mujibu wa ofisi yake, kati ya wanachama zaidi ya 200,000 wa mwaka 2007 ni asilimia 38 tu waliopata kamisheni yoyote ya safari, na katika hao waliopata, mtu wa katikati alipata dola 39 kwa mwaka mzima. Fedha hiyo haitoshi kulipia tovuti kwa mwezi mmoja. Mwaka 2009 kampuni ilikubali kumaliza kesi kwa kulipa dola milioni moja, na mwaka 2013 iliomba kinga ya kufilisika.

Watanzania wanaijua hadithi ya aina hii kwa jina la upatu. Kinachoifanya iwe ngumu kuitambua ni kwamba huja imevaa joho la elimu. Alama yake ni moja: ukiona mkufunzi anamhimiza mwanafunzi alete wanafunzi wengine ili alipwe, basi tiketi si bidhaa inayouzwa hapo.

Hata kozi halali haimpi kijana haki ya kufungua ofisi. Tanzania Bara, Sheria ya Utalii Namba 29 ya mwaka 2008 inamtaka anayefanya biashara hiyo awe na leseni ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Zanzibar ina sheria na kamisheni yake. Jambo jema, na ambalo halizungumzwi vya kutosha, ni kwamba sheria hiyo ya Bara imeutenga uwakala wa safari kwa Watanzania, sambamba na kazi ya kuongoza watalii na ukodishaji wa magari. Mlango upo na umefunguliwa kwa makusudi, ila una ngazi za kupanda.

Ngazi ya juu zaidi ni kuidhinishwa na IATA. Wakala aliyeidhinishwa hukata tiketi za mashirika mengi na kulipa kwa pamoja kupitia mfumo wa malipo wa chama hicho. Kwa kuwa anashika fedha za mashirika kabla ya kuziwasilisha, hutakiwa kuonyesha uwezo wa kifedha, na mara nyingi dhamana ya benki. Ndiyo maana ofisi nyingi ndogo mijini hununua tiketi kwa wakala mkubwa na kuongeza chao juu. Wanaishi kwa tofauti hiyo ndogo.

Tuchukue mfano wa kukadiria tu. Kozi iwe dola 600, na dola moja iuzwe kwa shilingi 2,500. Hiyo ni shilingi 1,500,000. Kompyuta ya mtumba na vifurushi vya intaneti viwe shilingi 600,000. Jumla ni shilingi 2,100,000. Kijana akipata shilingi 20,000 kwa kila tiketi, atahitaji kuuza tiketi 105 ili kurudisha fedha za nyumbani, bila kuhesabu leseni, kodi ya pango wala chakula chake. Akiuza tiketi mbili kwa wiki, mwaka mzima umekwisha ndipo anagusa faida.

Upande wa pili wa mizani, kama kilo ya kahawa humpa mkulima shilingi 5,000, fedha hizo ni kilo 420. Mkulima anayevuna nusu kilo kwa mche amezitoa kwenye miche 840. Fedha hiyo hiyo ingeweza kung'oa mibuni mizee na kupanda aina chotara zinazohimili chulebuni na kutu ya majani zilizotolewa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, pale Lyamungu, ingawa miche hiyo nayo hudai subira ya miaka kama mitatu kabla ya mavuno ya maana. Hakuna upande wenye majibu ya haraka. Tofauti ni kwamba shamba lililopandwa upya lina mnunuzi anayejulikana, wakati cheti bado kinamtafuta wake.

Kuna sehemu ambazo cheti kinampata mnunuzi huyo. Kijana aliyekwishaajiriwa kaunta ya wakala, hata kwa ujira mdogo, akiongeza kozi hii hupanda haraka, kwa sababu ana mfumo wa kufanyia mazoezi na wateja wa kuwahudumia. Anayesoma peke yake kijijini hujifunza amri za Amadeus kama mtu anayejifunza kuogelea kwa kusoma kitabu. Wanafunzi wa vyuo vya darasani, kama Chuo cha Taifa cha Utalii chenye kampasi Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, au chuo cha VETA cha hoteli na utalii cha Njiro, hupelekwa mafunzo kwa vitendo kazini. Kozi ya intaneti isiyo na mazoezi ya kazini inakosa nusu ya bidhaa.

Sehemu nyingine iko karibu na shamba kuliko wengi wanavyodhani. Wakulima wa kahawa chini ya KNCU huko Uru walianzisha Kahawa Shamba, ambako mgeni hutembezwa shambani, hukoboa, hukaanga na kunywa kahawa aliyoitengeneza mwenyewe. Zanzibar ziara za mashamba ya viungo zimekuwa chanzo cha kipato kwa miaka mingi. Miradi ya namna hii mara nyingi haikosi cha kuonyesha. Inakosa mtu wa kujibu barua pepe siku hiyo hiyo, kupanga bei kwa dola bila kujipunja, kuandika masharti ya kughairi na kuzungumza na kampuni za Arusha kwa lugha ya biashara yao. Hayo yote yamo kwenye masomo ya uwakala, na chama cha ushirika chenye mtu mmoja wa aina hiyo hakihitaji idhini ya IATA.

Mahujaji nao ni soko, lakini linabadilika. Tangu Saudi Arabia ilipozindua jukwaa la Nusuk mwaka 2022, mtu anaweza kujipangia Umra mwenyewe. Wakala wa Umra atabaki kwa sababu mzee wa miaka 70 anahitaji mtu wa kumshika mkono kutoka Tanga hadi Makka. Huko kushikwa mkono ndiko kutakakolipiwa, kwani tiketi yenyewe kila mtu ataikata.

Kwa anayetaka kujipima kabla ya kutoa fedha, ipo njia isiyo na gharama zaidi ya kifurushi cha intaneti. Bodi za utalii za nchi kadhaa hutoa mafunzo ya bure kwa mawakala wanaouza nchi zao. Australia ina Aussie Specialist, na Afrika Kusini ina SA Specialist. Baadhi ya mafunzo ya aina hii hudai uthibitisho kwamba msomaji tayari yuko kwenye biashara, hivyo mwenye ndugu au rafiki kwenye ofisi ya wakala ana nafasi nzuri zaidi. Anayechoka baada ya somo la tatu la bure hana sababu ya kulipia somo la kumi.

Kahawa ya Kaskazini huchumwa kati ya Julai na Desemba. Kozi fupi kama hiyo inasomeka kwa wiki chache za jioni, na kijana anaweza kuimaliza kabla kilo ya kwanza ya nyumbani haijapimwa chamani.