Maoni Yetu: Kazi ya Huduma Nayo ni Uzalishaji



Liko neno lililokaa siku nyingi vinywani mwa watu wetu, kwamba kazi ni jembe. Alimaye amefanya kazi, achungaye amefanya kazi. Lakini yule atandikaye kitanda cha mgeni, apikaye katika kambi, aendeshaye gari la watalii, huyo twasikia akiitwa "boi", kana kwamba siku yake nzima haikuzaa kitu. Neno hilo lililetwa na wakoloni. Walipoondoka hawakulichukua, nasi tukalifuga. Twasema leo kwamba yafaa tulitupe, na sababu yetu si heshima peke yake. Neno hilo latuharibia hesabu.

Twachukua mfano wa Robanda, katika Wilaya ya Serengeti, kwa maana hapo jambo hili halifichiki. Robanda ni kijiji cha Waikoma karibu na lango la Ikoma la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, mahali ambapo Wajerumani walijenga ngome yao zamani. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1951, na mwaka 1981 ikatangazwa kuwa urithi wa dunia. Mwaka 1994 yakatangazwa Mapori ya Akiba ya Ikorongo na Grumeti. Basi kijana wa Robanda akisimama mlangoni kwa baba yake na kutazama, kila upande aona mpaka. Ardhi haitaongezeka. Na shamba lile dogo alilo nalo, tembo hajui kwamba lina mwenyewe. Akiingia usiku mmoja, kazi ya miezi minne imekwisha.

Wazee wa Ikoma walikuwa wawindaji mashuhuri. Mkia wa nyumbu ulikuwa bidhaa, ukienda hadi kwa Wasukuma. Mlango huo sheria imeufunga. Sasa tujiulize bila kuzungukazunguka: kijana huyu atakula nini? Jembe peke yake halitamtosha, na nyama ya porini itampeleka gerezani. Kilichobaki ni huduma. Kwa hiyo kujua kazi ya huduma yazaa nini, na yazaa kwa ajili ya nani, kwa watu wa Robanda ni swali la chakula.

Tuanze na Taifa zima. Katika Tanzania, kati ya kila watu 10 wafanyao kazi, 6 hivi wamo katika kilimo, nacho chaleta kiasi kidogo zaidi ya robo ya pato la Taifa. Walio katika huduma ni kama 3 kati ya 10, nao waleta karibu sehemu mbili katika tano. Mtu akigawanya ataona kwamba mfanyakazi wa huduma aonekana kuzalisha kama mara tatu ya mkulima. Hapo wengine hupiga makofi na kusema, basi watu wote waache majembe waingie mjini, nchi itatajirika.

Msipige makofi bado. Huduma ni jina moja lililofunika watu wa namna nyingi. Ndani yake yumo mwenye benki, na yumo mama mwenye sufuria moja njia panda. Imo bandari ya Dar es Salaam, na wamo vijana kumi wenye bodaboda wakimngoja abiria mmoja. Wastani wa watu hao wote haumwambii yeyote kati yao hali yake.

Tulipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba hesabu ngumu huvunjwa kwa mfano mdogo. Haya, tuchukue wa kubuni. Kandokando ya barabara wapo mamantilie watatu. Kila siku madereva na wapita njia hula sahani 60, yaani kila mama auza sahani 20. Mwaka wa pili mvua yakatika, mashamba yakauka, wanawake wawili waacha kulima waja kupika hapo hapo. Walaji hawakuongezeka. Sasa mama ni watano, sahani ni 60 zile zile, na kila mmoja auza 12. Katika daftari la Serikali twasoma kwamba watu wameingia kwa wingi katika huduma, na twafurahi. Lakini tija, maana yake kile ambacho mtu mmoja azalisha kwa kazi yake, imeshuka kutoka 20 hadi 12. Hakuna aliyekuwa mvivu. Wote watano waliamka alfajiri.

Hilo ndilo linalotokea katika nchi nyingi za Afrika. Watu hutoka shambani kwa kuwa shamba limewashinda, kisha huingia katika kazi ndogo ndogo za huduma zilizokwisha kujaa. Nchi za Asia ya Mashariki ziliwatoa watu shambani zikawaingiza viwandani, ambako mashine ilizidisha nguvu ya mkono. Kwetu wengi wametoka kwenye jembe wakaingia kwenye kibanda.

Je, tija ya huduma yaweza kupanda? Yaweza. Mama yule akipata maji ya bomba karibu, hatumii saa mbili kisimani. Akipata jokofu, nyama haiozi. Huduma ya fedha kwa simu, iliyoanza nchini mwetu mwaka 2008, imemwezesha mwenye duka kulipa mzigo Mugumu au Musoma bila kufunga duka siku nzima kwa safari. Na barabara: ile ya Makutano kupitia Natta hadi Mugumu imejengwa kipande kwa kipande mwaka baada ya mwaka, na kila kipande kilichochelewa kimekula siku za watu ambazo hakuna atakayezirudisha.

Lakini huduma ina tabia yake, nayo si ya gunia. Mahindi yakikosa bei leo huwekwa ghalani, yakauzwa mwezi ujao. Kitanda cha kambi kikilala kitupu usiku wa leo, usiku huo umepotea moja kwa moja. Huwezi kuuza kesho usiku wa jana. Tuliyaona mwaka 2020. Mwaka 2019 walikuja nchini wageni zaidi ya milioni 1 na nusu. Mwaka uliofuata, kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, wakaja kama laki 6 na elfu 20 tu. Mapishi yalikuwa yale yale, vitanda vile vile, waongoza wageni wenye ujuzi ule ule. Mzalishaji alikuwapo, mnunuzi hakuwapo, na kazi ikawa si kitu. Baadaye wageni walirudi, na mwaka 2024 wakapita milioni 2. Lakini aliyeuza ng'ombe wake mwaka 2020 ili ale, ng'ombe huyo hakurudi pamoja na wageni.

Tena hata katika mwaka mzuri kazi hii ina majira. Masika ya Aprili na Mei kambi nyingi hufungwa au hupunguza watu. Nyumbu wakianza kupita pande zetu katikati ya mwaka, watu huitwa tena. Kijiji kinachotegemea huduma peke yake, kisicho na akiba wala bustani, chajiweka chini ya rehema ya mvua mara mbili: mvua ya shamba, na mvua inayomfukuza mgeni.

Sasa tuje kwenye kidonda chenyewe. Mgeni hulala karibu na Robanda, lakini je, fedha yake hulala wapi? Mara nyingi amelipa kabla ya kufika, huko Arusha, au huko kwao Ulaya na Marekani. Hema lake limetoka nje. Mvinyo wake umetoka nje. Nyanya anazokula mara nyingi zimeletwa kwa gari kutoka Arusha, safari ya zaidi ya kilometa 300, zikapita mbele ya nyumba zetu. Wataalamu wa hesabu za Taifa hutoa gharama ya vitu vilivyonunuliwa, na kile kinachobaki ndicho thamani iliyoongezwa na kazi. Katika hicho kinachobaki hulipwa mishahara, kodi na faida. Faida humfuata mwenye mtaji, popote akaapo. Kwa Robanda basi hubaki mshahara wa wale walioajiriwa, malipo ya ardhi, na bei ya kile kijiji kinachokiuza. Ndiyo maana hoteli yaweza kuwa na tija kubwa sana katika vitabu, na kijiji kilicho ubavuni mwake kikabaki kama kilivyokuwa.

Wengine wetu hukimbilia kuwalaumu wenye kambi. Sisi twaona lawama ziko pande mbili. Mpishi mkuu wa kambi ataka mayai kila Jumanne, ya namna moja, hesabu ile ile, mvua inyeshe isinyeshe. Sisi twampelekea mengi juma hili na juma lijalo hatuonekani, maana kulikuwa na msiba, au mtu aliyepewa fedha za chakula cha kuku amezila. (Tusikasirike, tumekaa barazani na watu wa vijiji hivi, na wao wenyewe ndio waliotuambia.) Mtu mmoja hawezi kuitosheleza kambi. Ushirika wa wakulima wa mboga na wafuga kuku, wenye kisima, wenye daftari, na wenye mtu mmoja wa kujibu simu, waweza. Huyo mtu wa kujibu simu naye ni mfanyakazi wa huduma, na pengine ndiye mwenye tija kuliko wote.

Kwa upande wa pili, mwenye kambi anayekaa miaka kumi hapa bila kumpandisha kijana hata mmoja wa kijiji kutoka kuosha vyombo hadi kusimamia jiko, hana haki ya kusema kwamba wenyeji hawana ujuzi. Ujuzi hufundishwa. Chuo cha Mweka kilianzishwa mwaka 1963 kwa ajili ya kufundisha usimamizi wa wanyamapori. Kipo Chuo cha Taifa cha Utalii, na vipo vyuo vya VETA. Kijana wa Kiikoma aliyefundishwa na babu yake majina ya miti na matumizi yake, akiongezewa Kiingereza safi, udereva na huduma ya kwanza, atamfanya mgeni aombe siku ya pili. Hapo tija imepanda bila mtu kukimbia. Maana kumwongoza mgeni hakuharakishwi. Ukimpitisha mbio umemnyima kile alichokuja kununua.

Na yako malipo ya ardhi. Zamani Robanda ilikuwa na mikataba yake yenyewe na wenye kambi, na mapato yakaingia katika mfuko wa kijiji. Tangu katikati ya miaka ya 2000 ipo Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, jina lililoungwa kwa Ikoma na Nata, yenye vijiji vitano: Robanda, Nyichoka, Makundusi, Natta-Mbiso na Park Nyigoti. Mapato hugawanywa kati ya vijiji. Watu wa Robanda wamelalamika, wakisema kambi nyingi ziko kwao, tembo wanaokula mahindi wako kwao, na mgao ni sawa na wa wengine. Wenzao hujibu kwamba nyumbu hana kijiji, na pori lililohifadhiwa na Nyichoka ndilo linalompitisha hadi Robanda.

Twaziona hoja zote mbili zina uzito, wala hatutazimaliza hapa. Lakini hasira nyingi tunazozisikia hazitokani na mgao wenyewe. Zatokana na watu kutojua kilichogawanywa. Fedha nyingine hupita kwanza Serikali kuu, kisha ndipo sehemu hurudi. Mwananchi aona magari yakipita na vumbi lake, aona darasa lisilo na dawati, na katikati hapo hana karatasi yoyote. Asiye na karatasi hutengeneza hesabu yake mwenyewe, na ndani ya hesabu hiyo kila kiongozi ni mwizi, hata aliye mwaminifu.

Mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kukutana kila miezi mitatu. Twapendekeza ujao, Robanda na katika vijiji vyote vitano, uwe na mambo haya mezani. Isomwe kwa Kiswahili kila mikataba iliyopo, na muda wake. Kisomwe kiasi kilichopokelewa na kijiji mwaka huu na mwaka jana, na kilitumikaje. Itajwe hesabu ya vijana wa kijiji walioajiriwa katika kila kambi, na wangapi walipandishwa kazi. Kisha litengwe fungu la karo, hata kama ni la vijana wawili tu kwa mwaka, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, majina yao yachaguliwe hadharani. Na mwenye kambi aalikwe, apewe kiti, aulizwe yeye mwenyewe kwa mdomo wake: kwa juma moja wahitaji mayai mangapi na nyanya kilo ngapi, na utanunua kwa bei gani tukikuletea kila Jumanne?