Mtihani wa lori uanzie chini ya lori

Wadau, leo naomba tuongelee madereva wa malori, hasa wale ambao bado hawajawa madereva. Nawasema mautingo. Simama kwenye maegesho yoyote ya malori kati ya Dar na Tunduma utamkuta kijana ambaye ana miaka mitano anafunga turubai na kubadilisha tairi usiku wa manane, na moyoni ana ndoto moja: leseni ya daraja E. Nimewauliza kadhaa wanajiandaaje na mtihani. Majibu yanafanana. Wanakariri alama za barabarani, na dereva akichoka wanaachiwa usukani kidogo, tena kwenye tambarare.

Sina ugomvi na alama za barabarani. Ila alama hazijawahi kusimamisha lori Kitonga.

Nina ndugu yangu yuko Texas. Huko Wabongo, Wakenya na Wakongo wengi wameingia kwenye malori, maana yanalipa. Alipokuwa anajiandaa na mtihani wa leseni ya kule, wanayoiita CDL, nilidhani atanilalamikia kurudi rivasi na tela. Kumbe kilichomnyima usingizi ni ukaguzi. Mtihani wa vitendo una sehemu tatu, na ya kwanza ni ya kulikagua gari. Mtahiniwa analizunguka lori, anagusa kifaa kimoja kimoja na kusema kwa mdomo wake kinatakiwa kiweje: mpira wa upepo usiwe na mpasuko, nati za gurudumu zisiwe na kutu inayoonyesha zimelegea, lainingi zisiwe zimeisha.

Halafu zinakuja breki za upepo. Injini inazimwa, breki za kuegesha zinaachiwa, breki ya mguu inakanyagwa dakika nzima. Kwa lori lenye tela, upepo haupaswi kupungua zaidi ya pauni 4 kwa inchi ya mraba. Baada ya hapo anakanyaga na kuachia mpaka kengele ya upepo mdogo ilie, na akiendelea, vitufe vya breki za kuegesha viruke vyenyewe. Akikosea hatua hizi amefeli papo hapo, na gari halijasogea hata futi moja. Ndugu yangu alikuwa anafanya mazoezi sebuleni, anaongea na kiti kama kichaa.

Kwa nini naliona hili ni kubwa? Chukua mteremko mrefu. Dereva amechelewa kuingia gia ndogo, kwa hiyo kazi yote ya kulizuia lori anaiachia breki ya mguu. Dramu zinapata moto na kutanuka, lainingi inazidi kukaa mbali na chuma, na nguvu ya kushika inapungua. Kama breki hazikurekebishwa tangu safari iliyopita, hapo hapo ndipo kila kitu kinaisha. Anaanza kupiga breki mfululizo, upepo unatumika haraka kuliko kompresa inavyojaza. Mtu aliyewahi kuangalia geji ikishuka gari likiwa limesimama anaelewa kinachotokea. Aliyekariri vibao anamwita Mungu.

Tarehe 24 Februari 2024, pale Ngaramtoni, Arusha, lori liligonga magari mengine na watu 25 wakafa. Polisi walisema lilifeli breki. Neno "lilifeli" linanikera kidogo, kwa sababu linasikika kama breki zina akili zake na siku hiyo ziliamua kususa.

Na mizigo yetu ni mizito kuliko ya wale wenzetu. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari inaruhusu hadi tani 56 kwa lori la ekseli saba. Kwenye barabara kuu za kitaifa za Marekani ukomo wa kawaida ni pauni 80,000, yaani kama tani 36. Tunawazidi tani 20 hivi, halafu tunateremka nazo Kitonga na Sekenke.

Msinielewe vibaya, Marekani si peponi. Tangu Februari 2022 wanalazimisha mafunzo kabla ya mtihani wa vitendo, lakini hawakuweka idadi ya chini ya saa za kushika usukani. Zipo shule za wiki chache. Ndiyo maana nasema tukope kipande kimoja tu, cha ukaguzi na breki.

Najua mtakachosema: kaka, utingo anajua breki mbovu, tatizo ni tajiri. Nakubali, tena hapa ndipo penye shina la jambo. Dereva akisema gari haliendi, anaambiwa ashuke, kuna mwingine anasubiri getini. Ajali ikitokea, anayesakwa kwanza ni yeye. Kule, dereva anatakiwa kisheria aridhike kwamba gari ni salama kabla ya kuliondoa, na sheria ya mwaka 1982 inamzuia mwajiri kumfukuza kwa sababu amekataa kuendesha gari bovu. Elimu ya kukagua bila haki ya kukataa inamfanya dereva ajue vizuri tu atakavyokufa.

LATRA, kwa sheria iliyoianzisha mwaka 2019, ina kazi ya kuthibitisha madereva wa magari ya biashara. Mlango upo tayari. Dereva wa lori asithibitishwe mpaka amefanya jaribio la breki mbele ya mtahini, kwenye gari lenye tela. Akishathibitishwa, apewe daftari la ukaguzi. Akiandika breki ni mbovu, mwenye gari asaini kwamba ametengeneza. Gari likitoka bila saini hiyo, faini iende kwa mwenye gari.

Wewe utingo unayejiandaa mwaka huu, usisubiri haya yapite. Kesho kabla ya safari, gari likiwa sehemu tambarare na matairi yamewekewa mawe, mwombe dereva wako azime injini, aachie breki za kuegesha na kukanyaga breki ya mguu dakika moja. Wewe kaa kwenye geji. Andika namba ya mwanzo na namba ya mwisho, halafu mwonyeshe kabla hajawasha.