Tuziokoe barabara za Gikundamvura kabla ya Septemba

Ndugu zangu wa Gikundamvura, mnaokaa milimani na mnaoteremka kulima mpunga katika bonde la Bugarama, nanyi watoto wetu mliohamia Kamembe, Kigali na Bukavu: kiangazi tunacho hadi Septemba. Mvua ikishaanza, tumechelewa.

Tazameni barabara inavyokufa. Huanza na kalvati moja iliyoziba kwa udongo wa shamba la juu, majani ya migomba na chupa za plastiki. Maji yakikosa njia chini hupita juu, hula ukingo, na msimu wa pili korongo limefika katikati ya njia. Hapo wenye pikipiki hushusha abiria, magunia hubebwa kichwani, na mnunuzi hupunguza bei kwa kuwa lori lake halifiki. Kuizibua kalvati ile ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Kuijenga upya ni mamilioni ya faranga.

Wilaya yetu ya Rusizi itayatoa wapi? Ina mirenge (kata) 18, Rwanda nzima ina 416, na kila mmoja una daraja lake la kuombea fedha. Wala tusitegemee mikopo ya nje: mwaka 2013 serikali yetu iliuza hati fungani za dola milioni 400 katika masoko ya nje, kwa miaka 10 na riba ya asilimia 6.625. Fedha zile zilikuwa za Kituo cha Mikutano cha Kigali, RwandAir na umeme wa Nyabarongo. Sina lawama kwa waliokopa. Nchi isiyo na bahari inahitaji umeme na ndege. Ila sijaona mkopeshaji wa ng'ambo anayekuja kukopesha fedha za kuzibua mitaro. Kazi hiyo hulipwa kwa kodi zetu na mikono yetu, au haifanyiki.

Na tunaiweza. Wazee wetu walikuwa na vikundi vya ingobyi, yaani machela: kila nyumba ilichanga, na mgonjwa yeyote alibebwa na majirani hadi kwa mganga bila kuulizwa ana kiasi gani mfukoni. Moyo ule ndio ninaouomba.

Umuganda, kazi yetu ya pamoja, wa Jumamosi ya mwisho ya Julai na ya Agosti tuutoe wote kwa mifereji na kalvati. Kila umudugudu (kijiji) upewe kipande chake cha barabara, kijulikane kinapoanzia na kinapoishia, usije umati mzima ukakusanyika mahali pamoja kufyeka nyasi. Mafundi ujenzi walio miongoni mwetu wapime mwinamo kwanza, maana mtaro uliochimbwa vibaya humwaga maji yote kwenye shamba la jirani. Saruji hutengenezwa hapo chini bondeni, katika kiwanda cha CIMERWA, tangu miaka ya 1980. Hatuendi kuitafuta mbali.

Kodi ya ardhi huingia kwenye mfuko wa wilaya. Tuilipe, halafu tuulize imefanya nini. Katika inteko y'abaturage, mkutano wetu wa wananchi, tuandike dai moja tu: fungu la matengenezo katika bajeti ya wilaya, barabara ikitajwa kwa jina lake. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na mipango hupangwa miezi mingi kabla, kwa hiyo dai la mwaka ujao liandikwe sasa, mjumbe wetu wa njyanama, baraza la wilaya, alibebe.

Michango ya fedha iwe ya hiari kabisa. Asiwepo mjane anayegongewa mlango. Fedha zikae katika SACCO (chama cha akiba na mikopo) ya umurenge, na baada ya kila umuganda hesabu isomwe hadharani, mfuko kwa mfuko wa saruji, pamoja na bei yake. Wengi wanaokataa kuchanga si wachoyo. Waliwahi kuchanga mahali, wasione kilichojengwa.

Kwa hiyo, inteko ijayo, kila umudugudu uje na orodha ya kalvati zake zilizoziba na jina la mtu atakayesimamia kila moja.