Sauti haipimwi kwa bei

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Hawakusema hata siku moja kwamba kila kilicho ghali ni bora. Nakumbusha haya kwa kuwa vijana wetu, wa pwani na wa bara, hutoa fedha nyingi siku hizi kununua hedifoni, zile spika za kuvaa masikioni, na wengi wao huchagua kwa kutazama bei na jina la kampuni.

Hivi karibuni nilikuwa Kathonzweni, huko Makueni, kwa marafiki zangu Wakamba. Kijana wa nyumba hiyo alikuwa ameuza maembe yake, na katika fedha hizo alitaka kutoa shilingi 45,000. “Mzee, nataka moja tu ya kusikilizia kila kitu,” aliniambia. Nikamwuliza, mwanangu, kila kitu ndicho kitu gani? Akanitajia benga ya Kikamba ya marehemu Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, kwaya za kanisani kwao, rege, na taarabu aliyoizoea alipokuwa akifanya kazi Mombasa.

Swali hilo si la upuuzi. Maembe yana msimu wake, na masikio hayauzwi dukani.

Tutazame nyimbo zenyewe. Katika benga ya Wakamba, gitaa la juu hukimbia, besi hulijibu, na ngoma ya mguu hupiga pale pale bila kuchoka. Uzi mzito wa gitaa la besi hutetema kiasi cha mara 41 kwa sekunde, chini kabisa ya sauti ya mwimbaji. Hedifoni nyingi wanazouziwa vijana zimezidishwa mlio huo wa chini makusudi. Dukani hupendeza, kwani kifua hutikisika. Lakini ukifika nyumbani utaona gitaa la juu limezama, na mwimbaji kama aliyefunikwa blanketi.

Kwetu sisi wa taarabu hasara ni kubwa zaidi, maana taarabu ni maneno. Mvita twatenga paa la nyumba na paa wa mwituni kwa pumzi ndogo tu itokayo baada ya herufi ya kwanza. Pumzi ile ikifunikwa na besi, neno limekwenda, na fumbo la mshairi limekwenda nalo.

Liko na kosa la upande wa pili. Aliyepita chuoni akafundishwa tajwidi ajua tofauti ya sin na swad. Hedifoni iliyozidishwa ukali wa juu huzifanya zote mbili kuwa mluzi mmoja unaochoma sikio. Basi mwenye kusikiliza mambo mengi yamfaa ile iliyo sawa, isiyopendelea chini wala juu.

Watasema kila mtu ana ladha yake. Kweli. Lakini mpishi hodari hatii chumvi nyingi chunguni. Mwenye kuitaka ataongeza sahanini. Anayependa besi aiongeze kwa simu yake siku ya rege, na siku ya taarabu aipunguze.

Je, bei si dalili ya ubora? Mwaka 2017 mtaalamu Jeroen Breebaart alitoa matokeo ya kupima hedifoni 283. Hakuona uhusiano wowote baina ya bei na jinsi zinavyogawanya sauti za chini, za kati na za juu. Fedha hununua vitu vingine: mto laini, waya imara, vipuri vya kubadilisha. Hivyo vina thamani yake, lakini si sauti.

Isitoshe, ghali nyingine huzaa gharama. Sennheiser HD 600, iliyotoka mwaka 1997 na kusifiwa sana kwa usawa wake, ina ukinzani wa omu 300. Simu nyingi haziipi nguvu ya kutosha, na mnunuzi hulazimika kutafuta amplifaya. Tena mgongo wake u wazi: sauti hutoka nje na kelele huingia ndani. Yafaa chumbani penye utulivu. Katika matatu ya kwenda Wote haifai kitu.

Nilimshauri kijana yule aende dukani na nyimbo tatu anazozijua kwa moyo: benga moja, kwaya moja, taarabu moja. Azisikilize zote kwa sauti ya wastani, kwani kelele huficha aibu. Akiyapata maneno yote bila kukaza sikio, na besi ikabaki mahali pake, hiyo ndiyo yake, ijapokuwa ni ya shilingi 8,000.

Na akiinunua, aitumie kwa kiasi. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asipite desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli tatu zinapoongezeka, muda hukatwa nusu. Hedifoni ikiharibika, msimu mwingine wa maembe utakuja. Sikio likifa, halina msimu.